Mpishi Aliyepekuliwa Ndoo

Ndugu zangu, leo sina maneno ya kubembeleza. Wiki nzima nyumbani kwangu hapakaliki. Anatoka huyu anaingia huyu, wote wimbo mmoja: shekhe, diwani katuangusha, shekhe, zahanati haina dawa, shekhe, tuombee dua. Dua nitaomba. Lakini kwanza nisikilizeni, na wewe kule nyuma zima hiyo simu.

Kulikuwa na mama mmoja, mpishi wa shughuli. Mtaa mzima hakuna aliyemgusa kwa pilau. Akisimama yeye kwenye sufuria, wageni wanashiba, watoto wanashiba, hata mpita njia hakosi sahani.

Siku moja kapika harusi ya watu, kamaliza, kajifunga kanga yake, anaondoka na ndoo yake ya vyombo. Getini wakamsimamisha.

"Hebu mama, weka chini hiyo ndoo."

"Mnatafuta nini?"

"Nyama. Nyinyi wapishi tunawajua."

Na mama mkwe wake kasimama pale pale, anaangalia! Wakatoa visu, wakatoa miiko, wakatoa mpaka kitambaa chake cha jasho. Nyama hamna. Mnadhani walimwomba radhi? Thubutu! Mmoja akasema, "Basi atakuwa ameshaipitisha." Niambieni, ingekuwa wewe, ungerudi kupika?

Ikaja harusi nyingine, kamati ikamfuata. Hata ndani hakuwakaribisha. Akawaambia, "Mimi jina langu nalipenda. Tafuteni mwingine." Ndugu zake wakampongeza: umefanya la maana, mambo yale machafu, waachie wachafu wenyewe.

Na huyo mwingine hakuwa mbali. Alikuwepo bwana mmoja, kupika hajui hata uji, ila nyama anaijua sana. Yeye hakungoja kufuatwa. Alikuja mwenyewe, na kreti ya soda kwa ajili ya kamati, akapewa upawa. Nyama nzuri akaiweka pembeni. Ile iliyoshinda juani tangu jana yake akaitia sufuriani, akaizidishia viungo watu wasisikie harufu. Watu wakala. Yeye huyo anaondoka na paja zima la ng'ombe kwenye bodaboda, na getini wapo wale wale. Walimpekua? Wallahi walimsaidia kufunga kamba! "Taratibu mkuu, lisije likaanguka."

Kabla ya magharibi mtaa mzima unatapika. Yule mama yuko kwake, kala ugali wake, katulia, jina lake safi. Mara mlango unagongwa. Mwanawe wa mwisho huyo, kabebwa mgongoni, macho yamegeuka juu. Alikwenda harusini na wenzake, kwani mtoto gani anaacha pilau? Mama akambeba mbio mpaka zahanati, anapiga kelele, "Nani kapika? Nani kawalisha watoto sumu hii?"

Jirani yake, naye kampakata wa kwake, akamwambia, "Kapika yule uliyemwachia upawa."

Mama akakaa chini. Akawageukia wale wa getini, maana na wao watoto wao walikuwa wamelazwa pale pale sakafuni. "Kweli, nilimwachia. Nimekosa. Na nyinyi je? Mimi mlinipekua mpaka kitambaa cha jasho. Yeye mlimpekua nini?"

Wale wakainama, wakawapangusa watoto wao matapishi.

Sasa naona mnanikodolea macho, mnataka kujua kama mtoto alipona. Mnaniuliza mimi? Mtoto yule ni wenu! Ndiye mnayempeleka zahanati yetu mkaambiwa dawa hakuna, mkaja kwangu kuomba dua.

Watu wa getini ni sisi. Mwalimu mstaafu aliposema anataka kugombea udiwani, tulisemaje? Ana njaa huyo, pensheni imemwishia. Yule dada muuguzi je? Tukachimba ndoa yake, tukachimba mpaka ndoa ya mama yake, wakati yeye ndiye aliyewazalisha nusu ya wake zenu. Wote wawili wakaona ya nini, wakarudi nyumbani wakafunga mlango. Akaja yule wa kofia na fulana za bure, hatukumuuliza hata anaishi wapi. Tukambeba mabegani! Paja lile tulilifunga kamba sisi, kwa mikono hii hii tunayoiinua kuomba dua. Hatuna haya?

Kumpekua mtu anayeshika mali ya watu si kosa, ni lazima. Lakini mpekue na yule anayekupa soda.

Na wewe uliyejaliwa akili na uaminifu, umekaa safu ya pili hapo unatazama mkeka, usidhani nimekusahau. Unasema siasa chafu, unalinda jina. Haya, mwanao anasoma wapi? Akiugua unampeleka wapi? Anakula sufuria hii hii, bwana! Utamtibu kwa jina safi?

Uchaguzi umekaribia. Tukimaliza hapa nyanyuka ukachukue fomu. Na nyinyi mlio kulia na kushoto kwake, nawaona mmeshaanza kunong'ona. Toeni mikono kwenye ndoo yake, mpisheni apite.