Jina Lililoahidiwa Mara Tatu

Sogeeni karibu. Leo sitaki mniitikie "pakawa" kisha mjinyooshee kulala. Leo nataka akili zenu, maana yangu imegota, na aibu ya mwenye kisa hiki imenikaa kooni kama vile ni yangu.

Walikuwapo wanawake watatu, kila mmoja na alichojaliwa. Tunu wa Tanga, fundi cherehani, alijaliwa jicho. Huyo huwezi kumuuzia mbuzi kwenye gunia. Atafungua gunia, atampekua mbuzi meno, na bei ataitaja yeye. Nakijwa wa Same, mfanyabiashara wa vitenge, alijaliwa njia. Viwanja vya ndege alivijua kama mnavyojua jikoni kwenu, na mzigo aliosema utafika, ulifika. Nabintu, mzaliwa wa Bukavu, alijaliwa mikono. Redio iliyonyamaza, simu iliyozama kwenye ndoo, pasi iliyokataa moto, vyote vilimwona Nabintu vikatii.

Na wa nne alikuwa Mwantumu, ambaye alijaliwa ulimi wa shukrani. Ukimtendea wema haishii kwenye asante. Atakuombea dua, atakulilia, mwisho atakuahidi kitu, na akiahidi lazima aape. Ndugu zangu, ulimi huo ndio ulioleta yote haya.

Mwantumu alikuwa Marseille, Ufaransa, na mumewe Hemedi na mtoto wao wa kwanza, Mbwana, aliyepewa jina la babu yake mzaa baba. Alikuwa anasoma kwa ufadhili, amebakiza tasnifu yake kuhusu maji ya visima vya Tanga, na tumboni alikuwa na mtoto wa pili. Daktari alishamwambia ni wa kike. Jina la huyu lilikuwa juu ya mama. Ndivyo walivyokubaliana yeye na Hemedi.

Asubuhi moja Mbwana akaimwagia laptopu uji. Kazi ilikuwa salama kwenye flashi, lakini mashine ikafa palepale. Chuo kikamwazima nyingine, na hapo ndipo Mwantumu alipoanza kulia. Kibodi za Ufaransa zina mpango wao. A imekaa pa Q, Z imekaa pa W, M imesukumwa pembeni, na hata nukta huipati mpaka ubonyeze vitufe viwili. Mtu anayechapa bila kutazama angeomba abadilishiwe mpangilio kwa ndani, akaendelea na kazi zake. Kwa miaka mingi Mwantumu alikuwa amewatambia watu kuwa anachapa hivyo, macho yamefumba. Ukweli ni kwamba alichapa kwa vidole viwili, na macho hayabanduki kwenye vitufe.

Fundi wa chuo alimbadilishia. Ikawa macho yanasoma A, kioo kinaandika Q. Akabandika vikaratasi juu ya vitufe, vikabanduka kwa jasho la vidole. Kuagiza yenye mpangilio aliouzoea kulitaka fedha ambazo hawakuwa nazo. Siku ya kukabidhi ikawa inakuja, na akiikosa, ufadhili unakatika na yeye anarudi Tanga mikono mitupu, tumbo mbele. Akampigia Tunu, binti wa shangazi yake.

"Dada, nimekwama. Mashine za huku zimenivuruga vidole."

"Si unachapa umefumba macho wewe?"

Mwantumu akasema, "Nilidanganya."

"Najua. Nilikuona ukiwinda herufi kama kuku anayedonoa mtama. Ngoja nikutafutie."

Tunu akaingia kazini na jicho lake. Alizunguka Tanga yote, duka kwa duka, fundi kwa fundi. Hii betri imechoka, hii imepakwa rangi kuficha ufa, hii herufi zimefutika, na Mwantumu bila kuziona herufi si kitu. Mwishowe akaipata kwa mzee mmoja aliyekuwa anafunga duka lake la kuchapa. Alibonyeza kila kitufe, akaandika jina la Mwantumu lote, likatoka sawasawa. Lakini fedha kidogo aliyotumiwa na Mwantumu haikutosha, na mzee hakutaka habari za kulipwa kidogo kidogo. Alichotaka ni cherehani ya umeme kwa ajili ya mkewe. Tunu alikuwa nayo moja, ndiyo iliyokuwa inamlisha. Akaitoa.

Mwantumu aliposikia, alilia kwenye simu. "Tunu, wallahi, huyu mtoto nikijifungua salama, jina lake ni lako. Wewe ndiye somo yake."

"Umesema mwenyewe," Tunu akajibu kwa furaha, kwa sababu yeye Mungu hakumjalia mtoto.

Laptopu ilikuwa Tanga, mwenyewe yuko Ufaransa. Hapo ndipo alipoingia Nakijwa na njia zake, akakubali kuipokea kwa Tunu na kuibeba. Alikuwa anasafiri kwenda Marseille na vitenge vya sare ya harusi, vilivyokwisha kuagizwa na ndugu wa bibi harusi. Kila kilo ilikuwa na mwenyewe. Uwanjani Dar mizani ikagoma.

"Mama, punguza au ulipie," akaambiwa.

Cha kulipia hakuwa nacho. Akatazama mfuko wa laptopu, akatazama furushi la vitenge, kisha akalivuta furushi akamkabidhi dereva aliyemleta. Alifika Marseille na laptopu kifuani na sare pungufu. Ndugu wa bibi harusi walimwita tapeli mbele za watu, na wateja aliowajenga kwa miaka wakaanza kununua kwingine.

Mwantumu alimpokea uwanjani. Alipoufungua ule mfuko na kuziona herufi zimekaa kila moja mahali pake, A pa A na M pa M, alizipapasa moja moja kwa kidole. Akamkumbatia Nakijwa, tumbo likiwa katikati yao. "Dada yangu, sina cha kukupa. Lakini huyu humu ndani, naapa, ataitwa Nakijwa."

Msimcheke. Saa ile Tunu alikuwa amemtoka kabisa akilini. Alimkumbuka akiwa tayari nyumbani, chini ya ngazi, na moyo ukampasuka. Akapanda mbio kama mtu anayeikimbia aibu yake mwenyewe, akakanyaga upindo wa dera, akajikinga tumbo kwa mikono yote miwili. Laptopu ikamponyoka, ikagonga ngazi moja baada ya nyingine mpaka chini.

Mlango wa juu ukafunguka, akatokea Nabintu, jirani yao.

"Umeumia, mama?"

"Sijaumia. Nimeua kazi ya watu."

Nabintu akaiokota. Kioo kilikuwa kimepasuka na ndani kulikuwa kweusi. Akaigeuzageuza, akapanda nayo kwake, na Mwantumu nyuma yake. Watoto wa Nabintu walikuwa na laptopu yao ya shule, ya kibodi ya Kifaransa, lakini ya kampuni ileile. Nabintu aliifungua ile ya watoto wake mbele yao, akatoa kioo, akakihamishia kwenye ya Mwantumu. Alipobonyeza kitufe, ikawaka. Yule mtoto wake mkubwa alifunga kitabu chake na kwenda kukaa chumbani. Muhula ule walimu wao walikuwa wakiwakaripia kwa kazi zilizochelewa.

Mwantumu akamshika Nabintu mikono. Safari hii alikumbuka. Alimkumbuka Tunu, alimkumbuka Nakijwa, akaona kabisa shimo lililo mbele yake. Lakini atamwangaliaje yule mama, na watoto wake wamekaa pale, kisha aseme asante tu? Ulimi ukamtangulia.

"Naapa, Nabintu, mtoto huyu atabeba jina lako."

Tasnifu ikaandikwa kwa vidole viwili, ikakabidhiwa kwa wakati, ikapita. Baadaye kidogo mtoto akazaliwa, wa kike, mzima, na nywele za kusukika. Kila mara Hemedi alipouliza jina, Mwantumu alisema, "Subiri tukusanyike." Alidhani akisubiri, mambo yatajipanga yenyewe. Yalijipanga kweli.

Siku ya kumpa mtoto jina, Hemedi aliisimamisha simu juu ya meza, imeegemea kopo la sukari, ili Tunu na jamaa wa Tanga waone kila kitu. Tunu hakuweza kungoja. Alinyanyua gauni dogo jeupe.

"Nimelishona kwa mkono, dada. Cherehani si unajua ilikokwenda." Kifuani, kwa uzi mwekundu, lilikuwa limetariziwa jina TUNU. Shangazi nyuma yake akapiga vigelegele.

Mwantumu alihisi uso unawaka. Hapohapo hodi ikapigwa, akaingia Nakijwa, aliyekuwa mjini tena kwa safari zake, na bangili ya fedha, ndogo kama pete ya mtu mzima. Ilikuwa imechorwa NAKIJWA. Na kabla hajaketi, akashuka Nabintu na keki, na juu yake, kwa sukari ya waridi, NABINTU.

Mwantumu akasema anafuata sahani. Sahani zilikuwa mezani tayari. Alisimama jikoni ameshika sinki, anatamani sakafu ipasuke immeze. Kuzaa kulimuuma, lakini alijua kutapita. Hili hakujua litapita lini. Ndipo akasikia sauti ya Tunu, taratibu, kutoka kwenye simu.

"Hemedi, hiyo keki imeandikwa nini?"

Mwantumu alipotoka, wote walikuwa wanaitazama keki. Hemedi alianza kucheka akidhani ni utani, kisha akamwona mkewe usoni, akaacha.

"Mke wangu, jina la mtoto huyu umewaahidi wangapi?"

"Watatu."

"Kwa kuapa?"

"Kwa kuapa." Machozi yakaanza kumtoka. "Naona aibu, naona aibu hata kuwatazama. Tunu nilimwahidi kwa moyo wangu wote. Nakijwa nilimwahidi nimemsahau Tunu. Na Nabintu nilimwahidi nawakumbuka wote wawili."

Tunu ndiye aliyeanza. "Bila jicho langu mngebeba nini, mngetengeneza nini? Mimi niliahidiwa kwanza. Nimetoa cherehani, na mtoto sina. Hilo jina ndilo lingeniita mimi nikishakufa."

"Pole, mdogo wangu," Nakijwa akasema. "Lakini laptopu ingekaa Tanga ingemfaa nini? Mimi nimeitwa tapeli katika mji huu kwa sababu yake. Jina langu la kazi limekufa. Aliyepoteza jina, alipwe jina."

Nabintu alikuwa bado ameshika kisu cha keki. "Yangu ni mafupi. Ile kitu mulileta ilikuwa imekufa. Nilitosha kioo ku mashini ya batoto bangu, nikaitia ku yenu, bakiniangalia. Na nyinyi aliwaahidi na furaha. Mimi aliniahidi na akili yake, anajua."

Hemedi akajaribu kusuluhisha. "Si tumpe yote matatu?"

"Somo hagawanywi mafungu kama dagaa," Tunu akasema, na wenzake wakaitikia kwa kichwa. "La kwanza ndilo atakaloitwa. Mengine yatakaa kwenye makaratasi."

Hakuna aliyemtukana Mwantumu. Laiti wangemtukana. Badala yake Tunu alilikunja lile gauni polepole, jina likaingia ndani. Nakijwa akairudisha bangili kwenye kijaluba chake. Nabintu akaigeuza keki, maandishi yakatazama ukutani. "Mpe yeyote, mama," akasema. "Mpe yeyote," wakasema na wale wawili. Na Mwantumu akaona kuwa sasa amewafukarisha mara ya pili.

Hemedi akaileta laptopu, akaiweka mbele ya mkewe. Jamaa wote, wa Tanga na wa kwingineko, walikuwa wanangoja ujumbe.

"Ulimi umetufikisha hapa," akamwambia kwa upole. "Sasa sema kwa vidole."

Mwantumu akafuta macho. Akaandika, kidole baada ya kidole: *Mtoto wetu anaitwa*. Akasimama. T ilikuwa pale anapoijua tangu chuo cha nyumbani. N ilikuwa pale anapoijua. Hakukuwa na herufi hata moja iliyompotea. Mtoto akaanza kulia chumbani, na wanawake wote watatu, hata Tunu kule kwenye simu, wakanyanyuka kwa pamoja, kisha wote watatu wakakumbuka, wakaketi.

Mimi nimeishia hapo, na kidole chake bado kiko hewani. Msiniambie azae wengine wawili. Walioahidiwa waliahidiwa huyu. Msiniambie ampe jina la bibi yake wote wakose. Huko ni kukimbia, na amekwisha kukimbia mara moja, mkaona kilichoanguka. Yupo aliyeona, yupo aliyebeba, yupo aliyefufua. Yupo aliyeahidiwa kwa moyo, yupo aliyeahidiwa kwa kusahau, yupo aliyeahidiwa kwa kujua. Mtoto analia na hana jina. Haya, wewe uliyekaa hapo unanitazama: kidole hicho kingekuwa chako, ungekishusha wapi?