Lango Lililokuokoa

Lango lililokuokoa, usiliite gereza.

Mzee Kyando aliyatamka maneno hayo ghalani, mvua ikinyesha nje, tulipokuwa tukichambua viazi vya mbegu. Alikuwa akimjibu Lusekelo, ambaye tangu asubuhi alilalamikia masharti ya shangazi yake, huyo huyo aliyempokea wazazi wake walipofariki. Sisi tukamwuliza mzee maneno yale yametoka wapi. Akasukuma kikapu kando, akasema chimbuko lake ni hili.

Zamani, katika nchi ya Israeli, palikuwa na miji ya makimbilio. Mtu akimuua mwenzake kwa bahati mbaya, bila chuki, alikimbilia huko. Ndugu wa marehemu alikuwa na haki ya kulipiza damu popote atakapomkuta, isipokuwa ndani ya mipaka ya mji ule. Huko, mkimbizi alipewa nyumba, chakula na jirani, wala hakuulizwa ataleta nini. Sharti lilikuwa moja: asivuke mawe ya mpaka hadi kuhani mkuu afe. Kuhani akifa, wakimbizi wote wanarudi kwao, na hakuna atakayewagusa.

Basi walikuwako wakata miti wawili, Heledi na Amasai, marafiki tangu utoto. Walikata mti mmoja kwa mashoka mawili, na ili mashoka yasigongane, walifanya kazi kwa wimbo. Amasai alipiga, akauliza:

*Mti wa nani, nijibu?*

Heledi alipiga, akajibu:

*Wa Mungu, sisi twaomba.*

Wakata miti wa milima ile walikuwa na mwiko: swali la msituni haliachwi bila jibu. Mwenzako akiuliza ukakaa kimya, umemwacha peke yake na mti.

Siku moja Amasai aliuliza. Heledi akainua shoka, akafungua kinywa ajibu, na shoka likachomoka kwenye mpini. Lilimpata Amasai shingoni. Alianguka akiwa bado anamtazama rafiki yake, kama mtu anayengoja kuambiwa jambo.

Heledi alikimbia. Nyuma yake alikuja Zikri, mdogo wake Amasai, mchungaji wa mbuzi, mtu wa maneno machache hata siku za furaha. Heledi aliingia langoni pumzi zimemwishia. Wazee wa mji walimsikiliza, wakauliza mashahidi, wakaona hakukuwa na chuki. Mlawi aliyelinda lango, mtu wa kabila la makuhani, Mzee Yozabadi, akamwosha miguu kwa mikono yake mwenyewe. Ndiyo neema hiyo. Ilimwosha damu ya rafiki yake, wala haikumuuliza ujira.

Zikri hakurudi nyumbani. Aliketi chini kidogo ya mawe ya mpaka, shoka mapajani, akaanza kungoja.

Miaka ikapita. Mama yake kuhani mkuu alikuwa na desturi ya kuwapelekea wakimbizi mikate na nguo, ili wasimwombee mwanawe kifo. Heledi aliila ile mikate, na kila alipomeza alijikuta akitamani kifo cha mtoto wa mwanamke aliyeioka. Hapo moyo wake ukaanza kuchacha. Akaacha kuuita mji ule kimbilio. Akasema amefungwa, na wakimbizi wenzake walipomwambia ashukuru, aliwacheka, akawaita kuku wanaolisifu tundu.

Kisha sauti ikaja.

Ilikuja adhuhuri, jua likiwa utosini na kila kivuli kimejificha chini ya mwenye nacho. Mbuzi waliacha kula. Upepo ulikoma. Kutoka bondeni mtu akaimba, taratibu, bila hasira: *Mti wa nani, nijibu?*

Heledi aliitambua. Ilikuwa sauti ya Amasai, na ule mkwaruzo wake mdogo mwishoni mwa mstari. Akaziba masikio. Siku ya pili ikaimba tena. Siku ya tatu aliondoka kwenye kivuli, akaenda mpaka langoni. Yozabadi alikuwa ameketi pale pale siku zote.

“Unaisikia, baba?” Heledi akamwuliza.

“Naisikia, mwanangu.”

Heledi alishtuka. Alitegemea kuambiwa kwamba ni joto la jua, au majonzi tu.

“Basi unajua ni yeye. Aliniuliza, nikamuua kabla sijamjibu. Nitamwachaje?”

“Mjibu ukiwa hapa.”

“Siwezi kumjibu rafiki yangu kutoka gerezani.”

Yozabadi akaligeukia lango. Mbao zake zilikuwa zimeegemea ukuta, wazi, mimea imezitambalia mpaka juu. “Tangu nizaliwe sijaona lango hili likifungwa,” akasema. “Niambie ni nani aliyekufungia.”

“Sharti lenu.”

“Sharti hilo ndilo limemkalisha Zikri pale chini miaka yote hii. Bila hilo angekuwa amekaa kifuani pako.”

“Lakini ananiita, baba. Wewe mwenyewe unamsikia.”

“Namsikia. Ila tulichoambiwa si kwamba usitoke kama hakuna anayekuita. Tuliambiwa usitoke.”

Bondeni, sauti ikauliza tena. Heledi akalia. Yozabadi alimshika mkono, lakini hakumshika kwa nguvu, maana mji ule haukumzuia mtu. Heledi akauchomoa mkono wake, akateremka. Waliokuwa ukutani walimwona akiyapita mawe ya mpaka, ameinua uso, mikono yake ikipanda na kushuka kama mtu aliyeshika mpini. Walimsikia akijibu: *Wa Mungu, sisi twaomba.*

Wakasikia pigo moja.

Zikri mwenyewe alimbeba Heledi begani, akampandisha, akamlaza langoni. Kwa torati ya nchi ile hakuwa na hatia. Yozabadi akamwinamia maiti, akamfumba macho, kisha akamtazama Zikri.

“Damu ulikuwa na haki nayo,” akasema. “Ila kumwita kwa sauti ya marehemu, hilo umelitoa wapi?”

Zikri hakuelewa. Akaulizwa tena.

“Mimi sijaita mtu,” akasema. “Sijui kuimba, na wimbo wao sikuujua kamwe. Nilikuwa nimesinzia. Nimeamshwa na huyu, anateremka kwangu huku akimjibu mtu.” Akatazama bonde nyuma yake, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile alionekana kuogopa. “Anamjibu nani?”

Zikri aliliacha shoka lake pale pale, akaenda zake kwa njia ya juu, asipite bondeni.

Walimzika Heledi ndani ya mji, kati ya wakimbizi. Kesho yake, jua lilipofika utosini, mbuzi wakaacha kula. Upepo ukakoma. Kutoka bondeni sauti ikauliza, na nyingine, iliyozoeleka mjini, ikajibu. Kisha zote mbili zikanyamaza, kimya cha mtu anayengoja wa tatu.

Alikuwapo mkimbizi mmoja, Noga, mwanamke aliyeangusha jiwe la kusagia kutoka darini likamuua dada yake. Kichwa chake kikainuka. Miguu yake ikaanza kwenda, na machozi yakimtoka akasema kwamba dada yake yuko nao kule chini, anaimba vibaya kama alivyoimba siku zote, na anamwita kwa jina la utotoni.

Yozabadi hakumwambia kwamba amesikia vibaya. Hakumshika, wala hakusimama njiani. Alisogea tu kando, lango likabaki wazi mbele ya yule mwanamke, akamwambia polepole, kama mtu anayempa maji mgonjwa:

“Lango lililokuokoa, usiliite gereza.”

Noga alisimama pale kizingitini mpaka kivuli chake kikachomoza tena miguuni pake. Kisha akaketi.