Birika la Bi Mwantumu

Kaeni vizuri, na aliye na chai mkononi ainywe kabla haijapoa. Najua nyinyi wa siku hizi mmezoea chupa za chai za plastiki, zile za maua ubavuni, lakini mimi leo nasimulia habari za birika. Birika la alumini, jepesi, chini jeusi kwa masizi, juu jeupe kwa kusuguliwa, mdomo umepinda kidogo kwa sababu liliwahi kuanguka relini. Msinikatize mpaka nimalize. Mwisho nina swali, na atakayekuwa amesinzia shauri yake.

Birika lilikuwa la Bi Mwantumu wa Muheza. Enzi za treni ya abiria alikuwa akisimama nalo stesheni, kajifunga kibwebwe, anawauzia wasafiri chai ya tangawizi kupitia madirishani. Mumewe, Mzee Hoza, alifariki mapema, na ni chai hiyo iliyowalea wanawe watatu. Treni zilipokoma, birika likarudi nyumbani likabaki na kazi moja tu, chai ya Idi. Asubuhi ya Idi, kabla ya watu kwenda kusali, ukoo mzima ulikunywa kikombe cha kwanza kutoka birika hilo, anayemimina ni Bi Mwantumu mwenyewe. Uwe umegombana na nduguyo, uwe umenuna tangu mfungo uliopita, kikombe cha kwanza mtakunywa pamoja. Birika lilipo ndipo Idi ilipo. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yao na hakuna aliyewahi kuivunja.

Sasa wale watoto. Mbaruku, mkubwa, alijaliwa mkono. Alikuwa fundi wa kuchomelea kule Tanga mjini, na alikuwa na mashine ya tigi, ile yenye moto mwembamba kama ncha ya kalamu, mkono mmoja unashika tochi na mwingine unalisha waya, huku mguu unaongeza na kupunguza moto kwa pedali. Unaweza kumpigia ngoma sikioni, mkono wake hautikisiki.

Saumu, wa kati, alijaliwa kukumbuka. Yeye ndiye aliyebaki Muheza na mama. Alijua nani hanywi sukari, nani alizaliwa mwaka wa mvua kubwa, kanga ipi ilivaliwa harusi ya nani. Ukitaka kudanganya habari za zamani, hakikisha Saumu hayupo.

Kombo, kitinda mimba, alijaliwa vidole. Alikuwa sonara. Akikaa na kinyundo chake hakupimi kwa rula, anakupapasa kiganja mara moja tu na bangili inakutosha. Alioa mke wa bara, akajenga Pongwe, na kusema kweli ndugu zake walikuwa hawajakanyaga kwake hata siku moja. Walisema ni mbali, ingawa Pongwe iko njiani tu, ukitoka Muheza kwenda Tanga.

Mwaka ninaousimulia, miguu ya Bi Mwantumu ilikuwa imechoka, na birika nalo limechoka. Palepale mdomo unapoungana na tumbo palikuwa na kitundu, chai inadondoka tone kwa tone. Ramadhani ikiwa katikati aliwaita wanawe watatu, akaliweka birika mkekani.

"Idi hii ndiyo ya mwisho kumimina mimi," akasema. "Sina nguvu tena ya kupokea watu. Atakayelifanya birika hili limimine bila kudondosha atalichukua. Na Idi ijayo sote tutakwenda kwake."

Mama aliwaona wote watatu. Mbaruku alilitazama birika kama mtu aliyekwisha kulipata. Saumu aliinama, kwa sababu birika likitoka nyumba ile, asubuhi ya Idi mlango wao utakuwa umefungwa, yeye na mama ni wageni kwa mwingine. Na Kombo, ambaye mkewe kila mwaka alifagia uwanja akisubiri wageni wasiokuja, aliuma mdomo.

Wakaenda wote Tanga, kwenye karakana ya Mbaruku. Bi Mwantumu akawekewa kigoda mlangoni. "Mama, geukia ukutani," Mbaruku akamwambia. "Huu moto hautazamwi kwa macho makavu." Mama akageuka. Kwa hiyo yote yaliyotokea siku ile aliyasikia tu, huku anaona mwanga wa buluu unarukaruka ukutani.

Alisikia tochi ikiwaka. Halafu akasikia kupasuka, kama chumvi iliyotupwa kwenye makaa, na Mbaruku akaguna. Chuma hakikuyeyuka kikakimbia kama inavyotakiwa. Kilitoka povu jeusi, kikatema, na kile kitundu cha ncha ya sindano kikawa cha punje ya mahindi.

Mbaruku hakukata tamaa. Akapunguza moto, ikawa vilevile. Akanoa sindano ya tochi, akabadilisha waya, akasikiliza gesi kama inatoka sawa. Mwisho akachukua kipande cha alumini safi kilichokuwa chini ya meza, akajaribu hapo. Mama akasikia mlio mtulivu wa nyuki, na kipande kikaungana vizuri kabisa.

"Mashine nzima," akasema Mbaruku, akavua kofia yake ya kioo cheusi. "Mgonjwa ni birika. Kuna kitu ndani ya hili bati kinachochafua moto, na sikioni. Mama, hili liliwahi kuzibwa na mtu?"

Bi Mwantumu alibaki anatazama ukuta. Jamani, yule mama aliona haya. Maana miaka yote Mbaruku alikuwa akimwambia, mama, leta nikuzibie, naye anajibu, haliishi kuvuja mwanangu, lakini halivuji sana. Aliogopa. Aliona moto ule utalila birika lake. Kwa hiyo alikuwa na njia yake.

Saumu akamtazama mama, mama hakugeuka. Akasema yeye. "Kaka, ni uji. Mama analiziba kwa uji mzito wa muhogo. Anaupaka kwa ndani, anaukausha juu ya makaa, ukivimba unaziba. Ulikuwa hujaanza kazi hii alipoanza. Ukitoka anapaka mwingine. Na siyo pale kwenye tundu tu, ule wa zamani uko chini ya lile kunjo la mdomo, sehemu tatu. Mimi ndiye niliyekuwa nakoroga."

Kombo akacheka mpaka akajishika mbavu. Mbaruku hakucheka. "Basi nilikuwa nachomelea uji," akasema.

Saumu akaomba karai la maji ya moto, akakamulia ndimu, akaliloweka birika upande ule. Kisha akatoa shazia lake la kushonea mikeka, akakaa chini. Akachokoa. Alijua pa kuingiza ncha bila kuona, kwa sababu alikumbuka kila mahali palipopakwa. Yalitoka magamba ya kahawia, mengine magumu kama kucha, na harufu yake, mama akaisikia kutoka kigodani, ilikuwa ya tangawizi na moshi wa stesheni. Bi Mwantumu alilia kidogo wakati huo. Alijifuta kwa ncha ya mtandio, hakuna aliyemwona. Saumu akamalizia kwa brashi mpya isiyowahi kugusa chuma kingine, mpaka bati likawa jeupe kama siku liliponunuliwa.

Mbaruku akawasha tena. Safari hii hakukuwa na povu, alumini ikang'aa na kuyeyuka vizuri. Ikayeyuka kupita kiasi. Bati lilikuwa limeliwa na majivu na mchanga wa miaka yote ya kusuguliwa, limebaki jembamba kama ganda la yai, na kila moto ulipogusa ukingo, ukingo ukakimbia. Tundu la punje ya mahindi likawa la kifungo cha shati. Mbaruku akaondoa mguu kwenye pedali.

"Moto wa chini zaidi ya huu sina," akasema, na kwa mara ya kwanza mama akaisikia sauti ya mwanawe mkubwa imelegea. "Nikigusa tena naweza kulimaliza. Mama, nisamehe."

Hapo Kombo akasimama. "Kaka, hilo bati halina pa kuegemea. Moto ukiingia hauna pa kwenda. Lipe kitu nyuma yake kinachonywa joto."

"Kitu gani kitakaa kwenye tumbo lililopinda namna hiyo?"

Kombo akasogea mezani. Alifungua mkoba wake, akatoa sinia dogo la shaba nyekundu. Mama hakuhitaji kugeuka, aliujua mlio wake lilipogusa meza. Lilikuwa la Mzee Hoza, sinia alilowekea tambuu. Marehemu alipofariki Kombo alikuwa bado ananyonya, na kitu pekee cha baba yake alichowahi kumiliki kilikuwa sinia lile. Alitembea nalo kila mahali, alipangia juu yake vito vya wateja.

"Kombo, usifanye hivyo," Saumu akasema.

Akafanya. Mkasi wa bati ukaingia kwenye shaba, kipande cha kiganja kikatoka. Akaingiza mkono ndani ya birika, akapapasa pale penye tundu akiwa amefumba macho, kisha akakiweka kipande juu ya gogo akaanza kugonga, polepole, anapima kwa vidole, anagonga. Aliporudisha mkono ndani, shaba ilikaa kwenye tumbo la birika bila hata uwazi wa unywele. Akaikandamiza kwa kijiti. "Haya, kaka," akasema.

Mbaruku alivaa kofia yake, lakini hakuwasha papo hapo. Fikirini, alikuwa ameharibu mara mbili mbele ya mama yake. Mara ya tatu hakuna birika. Alivuta pumzi, akaishika. Tochi ikawaka, akadondosha tone moja la waya, akaondoa moto, akasubiri. Tone la pili, akasubiri. Alizunguka tundu lile kutoka ukingoni kwenda katikati hivyohivyo, bila haraka, jasho linamdondoka kidevuni na yeye amefunga. Mama alihesabu kimya kwa kimya ukutani, nuru ikija na kwenda, na mlio wa nyuki haukukatika vibaya hata mara moja. Nuru ikazima kabisa. Kombo akatoa shaba. Saumu akajaza maji. Birika likakaa mezani mpaka alasiri, na chini yake palikuwa pakavu.

Ikaja Idi. Bi Mwantumu akamimina, chai ya maziwa na hiliki, kikombe baada ya kikombe, na mkeka haukupata hata tone. Mke wa Kombo alipewa kikombe chake kama wote. Wakanywa wakitazamana, na kila mtu alijua kinachofuata.

"Mama, sisemi kwa kujivuna," akaanza Mbaruku, "lakini ulisema atakayeliziba. Lililozibwa limezibwa na mkono huu. Shaba haichomelei, ndimu haichomelei."

"Kweli kaka," akasema Saumu, "na bila mimi mpaka leo ungekuwa unachoma uji. Tena ule uji ndio uliolifikisha birika hapa. Nimelitunza mimi na mama wakati nyie mko kwenu."

Kombo alikuwa anazungusha kikombe mikononi. "Mimi mkono wangu hamkuuona, ulikuwa ndani ya birika," akasema. "Kaka ana mashine yake, dada ana shazia lake. Sinia la baba ndilo si zima tena. Sitaki kulipwa. Nataka tu Idi moja muje kwangu."

Bi Mwantumu akawasikiliza wote mpaka wakaisha. Alitamani siku za stesheni, walipokuwa wadogo wote watatu wameshika ncha moja ya kanga yake ili wasipotee kwenye watu, na hakuna aliyehitaji kuchaguliwa. Mjukuu mmoja akaja akajilaza mapajani mwake.

"Bibi, Idi ijayo tunakwenda wapi?"

Bi Mwantumu akalishika birika kwenye mpini. Bado lilikuwa na joto, na ndani kimebaki kikombe kimoja. Wanawe watatu wamesogeza vikombe vyao, vitupu. Atakayemiminiwa hicho ndiye aliyepewa birika, hilo kila mtu pale mkekani amelielewa. Ameshaliinua. Mdomo ule uliopinda unatafuta pa kuelekea.

Mimi namwacha hapohapo, kalinyanyua hivyo. Msinitazame mimi, sina chai ya kumimina. Mkono uliounga, kumbukumbu iliyosafisha, au vidole vilivyokata kitu cha baba yao? Toa hata kimoja, birika lingekuwa chuma chakavu. Nawe unayetaka kujibu haraka, ngoja kwanza uwatazame usoni wale wawili ambao vikombe vyao vitabaki vitupu, halafu uwaambie wewe mwenyewe. Haya basi, ungekuwa wewe Bi Mwantumu, ungemimina wapi?