Mlango wa Wavu wa Mzee Semkiwa

Paukwa!

Pakawa!

Nimekuja na hadithi.

Iweke tuione.

Haina zimwi, haina binti mfalme.

Iweke hivyo hivyo.

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata waliozisimulia wamekwisha kusimuliwa, palikuwa na kijiji kando ya pori, na katika kijiji hicho palikuwa na mzee aliyeitwa Semkiwa. Hakuwa mfalme, hakuwa mganga. Alikuwa fundi wa kusuka nyavu za kuwindia. Wavu wake mkubwa ulisukwa kwa kamba za mkonge wa porini, urefu wake hatua mia na ishirini, na mnyama aliyeingia humo hakutoka.

Isipokuwa mahali pamoja.

Upande wa mawio ya jua Mzee Semkiwa aliacha nafasi, upana wake pima mbili. Nafasi hiyo iliitwa mlango. Mnyama aliyeukuta mlango akapita, hakufuatwa. Mshale haukutupwa, mbwa hakuachiliwa. Awe paa, awe kulungu, awe tandala, awe amenona, awe amekonda, aliyepita amepita.

Na kila walipotega, ukoo mzima uliimba. Nami naomba mwimbe nami:

*Tega wavu, acha njia,*
*mgeni atapitia,*
*usimuulize nia,*
*mwache aende salama.*

Watoto walimuuliza mzee, "Babu, mgeni huyo ni nani?" Mzee alitabasamu, akasema, "Mlango uachwe." Basi. Hakuongeza neno. Watoto wakakua na wimbo, wakazeeka na wimbo, wasijue maana yake.

Mahali pao pa kuwindia paliitwa Mikinduni, bonde dogo lenye chemchemi, lililozungukwa na mikindu, mwendo wa nusu siku kutoka kijijini. Kila mwaka baada ya mavuno ukoo ulihamia huko siku tatu. Wanaume na wavu, wanawake na vyungu, mbwa na njuga zao za mti: kodo, kodo, kodo. Hapo ndipo Mhando, mwana mkubwa wa mzee, alipojifunza kutembea. Hapo ndipo Siwema, binti yake, alipoposwa. Mtu wa ukoo ule akiulizwa, "Kwenu wapi?" mdomo wake ulitaja kijiji, moyo wake ulitaja Mikinduni.

Miaka ikapita. Ukungu ukashuka machoni mwa mzee, miguu ikamwishia nguvu. Akamwachia Mhando wavu. Pembe ya kuwindia hakumwachia, kwa kuwa pembe ilikuwa na desturi yake: hukabidhiwa huko huko Mikinduni, juu ya mnyama wa kwanza wa siku, mbele ya ukoo wote. Pembe haikabidhiwi mkono mtupu.

"Nikipata nafuu tutakwenda," alisema mzee.

Mwaka wa kwanza asipokuwako mzee, Mhando alikuwa na arusi ya binti yake, na wageni walikuwa njiani. Wakatega, wakaimba, wakafukuza. Ko! Ko! Ko! fimbo juu ya miti. Akatoka kulungu dume, shingo nene, akaenda moja kwa moja hadi mlangoni, akapita. Pu-ru-ru-ru, akapotea.

Sasa palikuwa na Mlekwa, mume wa Siwema, mtu wa maneno.

"Shemeji," alisema Mlekwa, "nyumba yenu ya ajabu. Mnajenga ukuta tangu alfajiri, kisha mnamwekea mwizi mlango."

Watu wakacheka. Mhando naye akacheka, lakini macho yake yalibaki mlangoni. Akatwaa kamba, akaanza kuziba mlango.

Kigoda, mdogo wake, akamshika mkono. "Kaka, unafanya nini?"

"Leo tu. Siku moja haivunji mwaka."

"Na baba?"

"Baba haoni," alisema Mhando.

Neno hilo alilisema mara moja, akalisikia maisha yake yote.

Mwaka ule walirudi na wanyama kumi na wawili. Nyama ililiwa hadi majirani wakakinai. Mzee alikuwa ameketi barazani. Akauliza, "Mlango mliuacha?"

"Tuliuacha, baba."

"Vyema."

Siku moja ikazaa ya pili. Mwaka wa pili wanyama saba. "Mlango mliuacha?" "Tuliuacha, baba." Mwaka wa tatu wanyama watano. "Mlango mliuacha?" "Tuliuacha, baba." Wa nne, watatu. Wa tano, wawili. Wa sita, paa mmoja jike, na walipompasua wakakuta tumboni mwana mwenye kwato laini kama nta. Kigoda aligeuka akatazama mikindu.

Mwaka wa saba walirudi mikono mitupu. Njiani wakapata mbuzi, wakamchinja, wakampelekea mzee bakuli lake. Mzee akatafuna polepole.

"Paa huyu," alisema, "amekula majani ya shambani."

"Ukame, baba," alijibu Mhando. "Wanasogea karibu na watu."

"Mlango mliuacha?"

"Tuliuacha, baba."

Mzee akamaliza bakuli, akanawa, akasema, "Mwakani mnibebe. Nataka kukupa pembe yako, mwanangu, kabla sijawa mzigo mwepesi."

Mwaka ukaja. Wakamtengenezea machela, wakambeba wawili wawili, Mhando na Mlekwa mbele, Kigoda na mwanawe nyuma. Siwema alichukua chungu kikubwa, chumvi, na moto ndani ya kigae. Njia nzima mzee alikuwa kama kijana. Alitambua kila kona kwa harufu. "Hapa pana mrihani. Hapa tunashuka. Siwema, angalia jiwe lile lisikukwaze, mama yako lilimkwaza kila mwaka." Siwema akacheka, akaliruka jiwe.

Walipofika Mikinduni wakamshusha kando ya chemchemi. Siwema akateka maji, akainjika chungu motoni, kama walivyofanya siku zote: maji yachemke yakiisubiri nyama. Wavu ukatandazwa. Wimbo ukaimbwa. Wanaume wakaingia porini na mbwa. Kodo, kodo, kodo. Ko! Ko! Ko!

Mzee akatega sikio.

Kodo, kodo, kodo. Ko! Ko! Ko!

Hakuna kwato. Hakuna kishindo. Hata kanga hakuruka.

"Siwema," aliita mzee, "nitafutie mavi ya paa."

Siwema akazunguka chemchemi. Akarudi na punje tatu kiganjani, akamwekea mkononi. Mzee akazibana kwa vidole. Zikawa vumbi.

"Haya ni ya mwaka juzi," alisema. "Niletee wavu."

"Wavu umetegwa, baba."

"Nipeleke mimi, basi."

Akamshika mkono, wakaenda. Mzee akaupapasa wavu tundu kwa tundu, akielekea mawio ya jua. Vidole vyake havikuwa na ukungu. Vilikwenda, vilikwenda, vikafika pale ambapo pangekuwa na hewa tupu. Vikakuta kamba. Vikasimama.

Maji ya chungu yalikuwa yakitokota. Bu-bu-bu-bu.

Wanaume wakatoka porini, jasho likiwatiririka, mikono mitupu. Wakamwona mzee amepiga magoti mbele ya mlango.

"Fundo hili ni la nani?"

Mlekwa akatazama chini. Kigoda akatazama mbali. Mhando akasogea.

"Ni langu, baba."

"Najua ni lako. Mimi ndiye niliyekufundisha." Akalizungusha fundo kwa kidole. "Zuri. Limekaza."

Mhando akaanguka magotini. "Baba, nipige."

"Mkono hauna nguvu, na kipigo kingekufaa nini? Keti. Nyote ketini. Siwema, ondoa chungu motoni, mwanangu. Tusiyatese maji."

Wakaketi. Mzee akasema:

"Mikinduni si pahali petu pa kwanza. Baba yangu alikuwa na bonde jingine nyuma ya mlima ule, zuri kuliko hili. Wavu wake haukuwa na mlango. Nilikuwa na umri wa miaka saba siku tuliyokwenda mara ya mwisho. Nilisikia kimya, kimya hiki hiki ninachokisikia leo. Baba yangu alilia njia nzima, na mimi nilikuwa nyuma yake namtazama mabega. Nikaapa kwamba wavu wangu utakuwa na mlango. Ila aibu ya baba yangu niliifunika. Niliwapa wimbo, sikuwapa habari. Mgeni tuliyekuwa tukimwimba ni mwaka ujao. Ningewaambia hivyo, pengine mkono wako ungesita, Mhando. Hilo ni kosa langu. Nawe unalo lako. Tusigombanie."

Mlekwa akasema kwa sauti ndogo, "Baba mkwe, ulimi wangu ndio uliotangulia."

"Ulimi haufungi fundo," alijibu mzee. "Ila nawe saidia kulifungua."

Kigoda akachomoa kisu. Mzee akausikia mlio wa ala, akamzuia. "Usikate. Haraka ndiyo iliyofunga."

Wakafungua kwa kucha. Mvua na jua za miaka saba zilikuwa zimeyakaza mafundo yakawa mifupa. Mhando alifungua kwa meno, hadi fizi zikatoka damu. Jua lilikuwa limepita utosi mlango ulipoachia, wazi, pima mbili.

"Sasa imbeni," alisema mzee.

Wakaimba:

*Tega wavu, acha njia,*
*mgeni atapitia…*

Wakaingia tena porini. Kodo, kodo, kodo. Ko! Ko! Ko! Wakapiga kila kichaka, wakazunguka kila mkindu. Jua likainama. Wakarudi, wakasimama mbele ya mzee.

"Mlango umeachwa?" aliuliza.

"Umeachwa, baba," alisema Mhando.

Jibu hilo alilitoa mara saba likiwa uongo, na wa kupita walikuwapo. Siku lilipokuwa kweli, hapakuwa na wa kupita.

Jioni ile walikula ugali na mchunga, mboga chungu ya porini aliyoichuma Siwema. Mzee akala, akasifu chumvi. Kisha akavua pembe shingoni, akaipapasa, asimpe mtu.

"Itungikwe nyumbani," alisema. "Kila mwaka tegeni, mlango ukiwa wazi, mkae mtazame. Siku mtakapomwona mgeni akipita, aliyemwona aipulize. Pembe itakuwa yake."

Mvua za kupandia zilikuta mzee amekwisha kuzikwa.

Mhando akaenda Mikinduni mwaka uliofuata, na uliofuata, na uliofuata. Mlekwa alichukua ncha ya pili ya wavu, na tangu hapo hakumtania tena shemeji yake, jambo ambalo lilimuuma Mhando kuliko utani. Mlekwa akafa. Kigoda akafa. Mhando akaendelea, mvi zikamjaa. Alitega, akaketi kando ya mlango, pembe mapajani, akitazama hewa.

Mwaka wa ishirini na mbili, asubuhi, aliinama akaona unyayo mlangoni. Mmoja tu, mdogo, kama kunde mbili zilizolazwa ubavu kwa ubavu. Ulielekea nje. Akaufunika kwa kigae ili upepo usiufute, akatuma mtu amwite Siwema. Siwema akaja na fimbo yake, mkongwe kama yeye, wakafunua kigae pamoja.

"Paa," alisema Siwema. "Amepita. Puliza, kaka."

Mhando akaipeleka pembe midomoni. Akaishusha.

"Sikumwona. Nilisinzia."

"Unyayo si shahidi?"

"Ni shahidi wa paa. Mimi ninayepuliza nitakuwa nasema nimeona. Nilimwambia baba mara saba jambo lisilokuwa, dada yangu. Siwezi kumwambia la nane."

Wakaurudishia unyayo kigae chake, wakarudi nyumbani polepole, fimbo mbili, tok, tok, tok. Mhando hakuuona mwaka mwingine.

Pembe ile, wasikilizaji wangu, bado imetungikwa. Nyigu wamejenga nyumba ya udongo katika tundu lake. Na wavu bado hutegwa, mlango wazi, na kila mwaka yupo mtu wa ukoo ule aketiye kando yake, akijitahidi asisinzie.

Funzo langu ni hili: asiyemwachia kesho mlango, kesho humpita mbali. Nawe mkubwa, unapompa mdogo amri, mpe na sababu yake. Amri bila sababu ni fundo la siku moja.

Hadithi yangu imefika mlangoni. Nami naiacha ipite.