Waposaji Watatu na Kasoro za Miji Yao

Kwetu nitakutukana, mwenyewe kwa kinywa changu,
Mgeni akikunena, ninakunja uso wangu.

Hapo zamani, si ile zamani ya wanyama kusema, bali zamani ya juzi tu, watu walipokwisha kuwazidi wanyama kwa kusema, aliishi binti mmoja katika mji wetu wa Tabora. Jina lake Nyamizi. Alikuwa fundi cherehani, na cherehani chake kilikuwa cha kukanyaga kwa mguu, chuma kitupu, ambacho wanaume wawili walikibeba huku wakilaumiana.

Tabora yetu mnaijua. Si jiji la kumtisha mtu, wala si kijiji cha kumtia mtu huruma. Ukiulizwa ugenini unatoka wapi, unajibu, "Kule kati," na aliyeuliza anaridhika, kwa maana hakuwa na nia ya kuja. Tuna maembe, tuna asali, tuna stesheni. Treni yetu hufika siku yake. Saa yake ni siri yake. Nasi hujivunia hayo yote, ila kwa sauti ya chini, asije mtu akatutembelea kuhakikisha.

Nyamizi alilelewa na shangazi yake, Bi Mwanvua, na katika nyumba ile palikuwa na desturi ambayo hamtaikuta kwingine. Mposaji hakuruhusiwa kusifu kwao. Alisimama mbele ya benchi, akataja kasoro za mji anakotaka kumpeleka binti. Akiaminiwa, aliambiwa, "Keti." Asipoaminiwa, aliondoka kwa miguu ile ile aliyosimamia. Desturi hiyo ilizaliwa na msiba wa dada yake Nyamizi, aliyeolewa katika mji uliosifiwa kwa upepo mwanana. Alipofika aliukuta upepo kweli, tena tele. Mwezi haukuisha, upepo ukaondoka na bati la jikoni.

"Mtoto wa kwanza aliondoka kwa sifa," alisema Bi Mwanvua. "Wa pili ataondoka kwa kasoro."

Naye Nyamizi alikuwa radhi kuondoka, lakini mara moja tu. Cherehani kile kikishapanda behewani hakirudi, na pasipo cherehani hana kazi. Akikosea mji, amekosea maisha.

Wakaja waposaji watatu.

Wa kwanza alikuwa Mhina, wa Tanga.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mtani wangu. Simama hapo hapo. Tanga kuna nini?"

"Kuna joto, Shangazi, joto lililolowa. Kuna chumvi hewani: baiskeli mpya leo, kutu kesho kutwa. Cherehani chake kitadai mafuta kila asubuhi kama mtoto anayedai uji. Na sisi wenyewe ni watu wa taratibu mno. Ukimwita fundi asubuhi, mwandalie chakula cha mchana. Akifika jioni, mpe pole kwa kukimbia."

"Na mazuri yake?"

"Hayo sikuulizwa."

Wa pili alikuwa Kobelo, wa Morogoro. Yeye alianza kuguna kabla ya kusema.

"Mvua, Shangazi! Mvua inayorudi kunyesha mahali ilipokwisha kunyesha. Kitambaa hakikauki. Mbu wetu wanabisha hodi. Mboga tunazisikia kwa majirani. Wateja hakuna, maana kila mtu yupo safarini kwenda kwingine. Kwetu wanashuka kununua maji na kuuliza basi linaondoka saa ngapi. Watu wanatuita mji kasoro bahari. Kasoro bahari tu? Wametupendelea!"

Bi Mwanvua alimwonea huruma hata akamletea maji ya kunywa. Hakumwambia aketi.

Wa tatu alikuwa Kihwelo, wa Iringa. Alisimama, akakuna kidevu.

"Iringa ina kasoro moja, Shangazi. Mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Ninakoroma. Kabla ya chai ya asubuhi sisemi na mtu. Nikiingia ngomani, wapigaji wanapumzika kunihurumia. Zilizobaki nitazishughulikia."

"Zilizobaki zipi?"

"Nitazishughulikia, Shangazi."

Bi Mwanvua akajishika kiuno. "Masikio yangu yameshiba. Sasa macho nayo yanataka kula." Bila kumwambia hata mmoja aketi wala aondoke, akafunga safari yeye na Nyamizi. Cherehani kikabaki nyumbani kikiwasubiri.

Walikwenda Tanga. Joto walilikuta limelowa. Baiskeli walizikuta zina kutu. Fundi wa taa aliyeitwa asubuhi alifika jua likitua, akaomba radhi kwa kuharakisha. Hakuna kilichozidi, hakuna kilichopungua. Usiku ule Nyamizi alilala usingizi wa mtu aliyekwisha kulipokea jibu lake. "Shangazi," alisema alipoamka, "mji nilioambiwa ndio niliouona."

Walikwenda Morogoro. Walifungua mwavuli wakiwa bado ndani ya basi, wakashuka nao juani, watu wakawatazama. Mlima wa Uluguru ulisimama kijani nyuma ya nyumba, maji yakiteremka kwa sauti ya mtu mwenye habari njema. Sokoni mboga zilikuwa zimepangwa hata hapakuwa na mahali pa kukanyaga. Wanawake wawili walishika mkono wa gauni la Nyamizi wakamwuliza nani aliyelishona, na kama anapokea kazi. Nyamizi akacheka njiani, cheko la mtu aliyekuta zawadi mahali alipotazamia tope. Kisha akamgeukia shangazi yake.

"Shangazi, huyu alitudanganya."

"Alitudanganya," alisema Bi Mwanvua. "Lakini umecheka."

Walikwenda Iringa. Basi liliwashusha Ipogolo, bondeni, nao mji uko juu kilimani. Baridi ikawapokea kabla ya mwenyeji. Nyamizi alitoa sindano na uzi mkobani ajaribu. Vidole vikakataa kutunga. Hakuna aliyekuwa amewaambia habari ya baridi, wala habari ya kilima. Lakini Kihwelo alikuwa pale kituoni alfajiri, na mablanketi mawili begani. Akawafunika, akabeba mizigo yao yote, akapanda nayo kilima bila kupumzika. Huko juu akawaonyesha chumba alichokwisha kukitengeneza kwa ajili ya kushonea, dirisha likitazama jua linakochomoza, ili vidole vya fundi viwe vya kwanza mjini kupata joto.

"Mbona hukusema kwamba kuna baridi?" Nyamizi alimwuliza.

"Ningeisema, ungeanza kutetemeka tangu Tabora. Baridi ni kazi yangu."

Akayasema hayo kabla ya chai.

Wakarudi nyumbani. Siku ya kukata shauri ilipofika, cherehani kilifungwa kwa magunia na kamba, kikawekwa mlangoni. Treni ilitarajiwa siku hiyo, yaani kwa kawaida yetu, alfajiri au usiku wa manane. Majirani tulijaa uani. Waposaji watatu wakasimama mbele ya benchi, na Nyamizi akasimama kando ya cherehani chake.

"Semeni haki zenu," alisema Bi Mwanvua. "Yule ambaye binti atamwamini, nitamwambia aketi."

Mhina akasema, "Mimi nilisema, yeye akakuta. Sikuongeza chumvi, ya Tanga inatosha. Mwanamke anayejua atakachokivumilia, huyo hakuonewa. Wa kuaminiwa ni mimi."

Kobelo akasema, "Mimi nilidanganya, ndiyo. Lakini nilidanganya kwa hasara ya mji wangu, si yake. Huyu alimpa kweli, mwenzake akampa blanketi. Ni nani aliyemfanya acheke barabarani? Wa kuaminiwa ni mimi."

Kihwelo akasema, "Hawa walimhesabia shida wakamwachia azibebe. Mimi sikumhesabia, nilizibeba. Wa kuaminiwa ni mimi."

Nyamizi akafungua kinywa kusema. Yamkini angesema, na mimi leo nisingekuwa na hadithi. Lakini Mhina alikuwa ameongeza neno moja dogo.

"Hata hivyo, Kobelo, kwa mbu ulisema kweli. Niliwahi kulala Morogoro. Wale si mbu, ni kuku."

Kobelo akageuka. "Umesemaje?"

"Si umesema mwenyewe, ndugu yangu?"

"Nimesema mwenyewe! Wewe nani amekupa ruhusa? Wewe unayetoka mji ambao hata kutu inafika kabla ya fundi?"

"Fundi wetu anachelewa kwa sababu anafanya kazi ikakamilika! Njoo uone Ngamiani mitaa ilivyonyooka, njoo uone pwani ya Raskazoni jioni!"

"Jioni ipi? Njoo wewe uoge maji ya mlimani, ikutoke hiyo chumvi!"

"Ninyi wa mabondeni," alisema Kihwelo taratibu, "mnagombania jasho. Kwetu hewa yenyewe ni tiba."

"Hewa?" alidakia Kobelo. "Ile ni barafu iliyokosa sura!"

Basi pale pale desturi ya nyumba ikavunjika. Watu waliokuja kutukana kwao wakaanza kusifu kwao, na walisifu kwa ufasaha ambao katika kutukana hawakuufikia. Walipochoka miguu, wakaketi wote watatu kwenye benchi, bila kuambiwa, ili wabishane vizuri. Kisha Mhina, kwa nia ya kutafuta suluhu, akasema, "Jamani, tukubaliane jambo moja. Kokote kule ni afadhali kuliko Tabora."

Looo! Bi Mwanvua alikivuta kigoda, akaketi katikati yao. "Tabora? Tabora hii? Kijana, umewahi kuonja asali wewe?" Nasi majirani, tuliokuwa tumeisengenya Tabora asubuhi ile ile kisimani, tukaketi chini mmoja mmoja, kila mtu na embe lake la kusifu. Mimi mwenyewe niliitetea stesheni yetu kwa maneno mazito sana, nikaapa kwamba hakuna treni inayojua wakati kama ya kwetu.

Na kweli, siku hiyo, jambo ambalo halijawahi kutokea, treni ilifika mapema. Filimbi ikalia. Hakuna aliyegeuka.

Je, enyi mnaonisikiliza, nani alistahili kuambiwa "Keti"? Ni Mhina, aliyesema kasoro zilivyo? Ni Kobelo, aliyeutukana mji wake kwa uwongo ili binti akute furaha? Au ni Kihwelo, aliyenyamaza na kuzibeba? Jibuni, lakini msijibu kwa kutazama mlikozaliwa.

Filimbi ya pili, ya kuondoka, ilipolia, uani pote tulikuwa tumeketi. Aliyebaki amesimama ni Nyamizi, mkono wake juu ya cherehani.