Komba, Tai na Sahihi ya Mwalimu

Jamani, hii nimetumiwa leo na mpaka sasa mwili unanisisimka. Isome taratibu, kisha mpe mwenzako.

Mwalimu Kiangi aliwaambia wanafunzi wake wa darasa la tano, "Linganisheni komba na tai. Yupi wa kuogopwa?"

Darasa zima likaandika tai, kwa kucha na mdomo wake. Binti mmoja tu, Namkunda, aliandika komba: "Tai akipita, kuku wote wanapiga kelele na vifaranga wanajificha. Komba analia kama kichanga, mtu anatoka nje kumhurumia, kumbe mayai yanaliwa."

Mwalimu akacheka. "Komba na macho yale ya huruma anakutisha?"

"Simwogopi komba, mwalimu. Namwogopa ba'mdogo."

Mwalimu akaacha kucheka.

"Baba akifoka, mtaa mzima unajua," binti akasema. "Ba'mdogo hafoki. Anampa bibi uji, bibi analala mchana kutwa. Jumatatu nilimwona amemshika kidole gumba akiwa usingizini. Akakichovya kwenye wino, akakigandamiza kwenye karatasi."

Hapo mimi mwenyewe niliweka simu chini.

Mwalimu akaikumbuka karatasi hiyo. Jumanne ba'mdogo huyohuyo alikuja kwake na karatasi ile, akilia kwamba mama yake mgonjwa amempa shamba, ila kaka yake mkorofi anataka kuwatimua wote wawili. Mwalimu alimwonea huruma akasaini kama shahidi. Kwenda kumwona bibi, hakwenda.

Akaliacha darasa, akakimbia hadi ofisi ya mtendaji wa kijiji, ambako karatasi ile ilikuwa ipigwe muhuri siku hiyo.

Alikuta mambo yamepinduka. Baba yake Namkunda yuko sakafuni, mgambo wamemfunga kamba kwa kuleta fujo, sauti imemkauka. Ba'mdogo amekalishwa kwenye kiti, anafuta machozi, mtu anamnywesha maji. Mtendaji ameshika muhuri.

"Afadhali umekuja, mwalimu," ba'mdogo akasema polepole. "Waeleze."

"Sahihi ni yangu," mwalimu akasema. "Lakini bibi sikumwona. Nilichokiona ni machozi ya huyu tu. Na Namkunda ameshuhudia bibi akiwekewa kidole kwenye karatasi hiyo akiwa amelala."

Mtendaji akauweka muhuri mezani, akawaambia mgambo wamfungue yule aliyeitwa mkorofi.

Funzo: Kabla hujamwamini anayelia kwa niaba ya mtu, nenda kwanza ukamwone mtu mwenyewe.