Kindi na Sahihi Mbili

Hapo zamani za kale, wadogo zangu, wanyama walipokuwa bado wakivaa majoho na kugombania viti vya maktaba, Kindi alikuwa katika muhula wake wa mwisho chuoni.

Alikuwa ameandika tasnifu juu ya mbegu zinazofukiwa na kusahauliwa. Alifukua mashimo mia nne na kumi na mawili, akayapima yote, kisha akayapima tena kwa kuogopa kukosea. Kazi ilikwisha. Zilizokosekana ni sahihi mbili: ya Profesa Tembo aliyekaa kilimani, na ya Profesa Kiboko aliyekaa bwawani.

Wazee hao hawakuwa wakisalimiana tangu Tembo alipokosoa kitabu cha Kiboko mbele ya wageni. Alilosema huyu, yule alilipinga.

"Sura ya tatu imezidi. Kata!" alisema Tembo. Prruuu!

Kindi akakata, akashuka bwawani mbio.

"Sura ya tatu haitoshi. Ongeza!" alisema Kiboko. Bwufu!

Akaongeza, akapanda kilimani. Kata, ongeza, kata, ongeza! Wenzake walicheza bao, waliogelea, walifanya mazoezi ya ngoma ya kuagana. Yeye alikuwa njiani tu, na mkia ulianza kunyonyoka.

"Shoga," alisema Kwale, aliyelala naye chumba kimoja, "kesho saa sita mchana karani Kobe anafunga daftari la kupokea tasnifu. Alasiri ni ngoma yetu. Utakuja?"

"Nije kumuaga nani? Nisipopata sahihi narudia mwaka. Nyie mnaondoka, mimi nabaki."

"Lakini umeshakata, umeshaongeza! Wanataka nini hasa?"

Kindi alilirudia swali hilo kichwani. Wanataka nini hasa?

"Kwale," alisema polepole, "hakuna anayetaka sura ndefu wala fupi. Kila mmoja anataka mwenzake aonekane kakosea."

Asubuhi alipanda kilimani na fomu mbili za sahihi, moja ya kila profesa.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Umekata?"

"Sijakata, Profesa. Profesa Kiboko anasema sura ya tatu haitoshi."

Masikio ya Tembo yakasimama wima. "Haitoshi? Kasema yule anayesoma maji yamemjaa puani? Inatosha! Inatosha na kubaki!"

"Sasa nitamwambiaje, Profesa? Mimi ni mtoto, neno langu halina uzito."

"Mpelekee maandishi! Lete hiyo fomu!"

Chwaa! Sahihi ikakaa. Kindi akaificha fomu chini ya mkia, akateremka bwawani. Kiboko akiiona tu, basi, yamekwisha.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Mbona mkia umeubana hivyo?"

Kindi akaubana zaidi. "Baridi, Profesa. Huku bwawani kuna baridi."

"Hm. Umeongeza?"

"Hapana. Muhula mzima Profesa Tembo ananiambia sura imezidi."

Maji yakafumka. Bwufu! "Imezidi! Yaani yeye, na pua ile, ndiye wa kusema kitu kimezidi? Haijazidi hata nukta! Iko wapi fomu?"

Chwaa!

Kindi alifika kwa Kobe robo saa kabla ya saa sita. Kobe alilamba kidole, akaanza kuhesabu kurasa. Moja. Mbili. Tatu.

"Mzee Kobe, zipo mia moja na tisa. Nimezihesabu mara nne!"

"Taratibu, binti. Tasnifu haikimbizwi."

Nje kukasikika di! di! di! kutoka kilimani, na chwapu! chwapu! kutoka bwawani. Kila profesa alikuwa anakuja kushuhudia mwenzake akiaibika.

Mia moja na saba. Mia moja na nane. Vivuli viwili vikaziba mlango. Mia moja na tisa. Kobe akainua muhuri, akaupuliza, akaugeuza juu chini kuhakikisha…

Paa!

"Nimekuja kuuona uso wa aliyekataa kusaini!" alinguruma Tembo.

"Hata mimi!" alifoka Kiboko.

Wakaziona fomu mezani, bega kwa bega.

"Wewe… umesaini?"

"Na wewe?"

Kobe akawatazama juu ya miwani yake. "Kuna tatizo, maprofesa? Au mlisaini bila kusoma?"

Tembo akakohoa. "Bila kusoma? Mimi? Ni kazi nzuri."

"Nzuri mno," alisema Kiboko, asije akapitwa.

Fyuu! Kindi akapitia dirishani. Alasiri hiyo alicheza ngoma na Kwale mpaka nyayo zikamuwaka, na hakuhesabu chochote.

Ndiyo hivyo, wadogo zangu: wakubwa wakigombana nyasi ndizo huumia, lakini mwenye akili hakubali kuwa nyasi.